Vidole vya mpwa wangu vinakufa ganzi kwenye baiskeli huko Oulu: nimshonee glavu gani?

BARUA

Ndugu mshauri, salaam.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara, mtaa wa Chikongola. Binti wa dada yangu yuko Finland, mji wa Oulu, anasoma chuo kikuu na sasa anaingia mwaka wa pili. Kwa mila zetu za huku kusini mjomba ndiye wa kubeba mambo kama haya, kwa hiyo simu za shida zinaanzia kwangu kabla hazijafika kwa baba yake.

Shida ni mikono. Anakaa kilomita 6 kutoka chuoni na anakwenda kwa baiskeli, maana nauli ya basi ya kila siku inamuumiza. Majira ya baridi yaliyopita alivaa glavu za pamba, juu yake glavu nene za vidole alizonunua dukani. Anasema dakika kumi za kwanza vidole vinauma, kisha vinakufa ganzi hata kengele hawezi kuipiga. Akifika anaviweka chini ya bomba la maji ya moto, na hapo maumivu yanakuja mpaka machozi. Wenzake wenyeji wanaendesha na glavu nyembamba tu na wanamwambia atazoea. Hakuzoea.

Baiskeli yenyewe ni ya mtumba, za kutembelea mjini. Usukani umepinda kurudi nyuma kama wa Phoenix zetu. Kushoto kuna levaa ya breki ya mbele, breki ya nyuma ni ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, na kulia kuna gia tatu za kuzungusha kwenye mpini.

Kuna mtu wa hapa anasafiri kwenda Finland mwisho wa Oktoba na amekubali kubeba kifurushi kidogo. Mashine ninayo, uzi ninao, kitambaa nitapata sokoni. Nishone glavu za tabaka ngapi? Dada yangu anataka pia tutume chupa ya mafuta ya nazi ajipake mikononi. Au nimwambie aachane na baiskeli kabisa?

Mjomba, Chikongola, Mtwara

JIBU

Mjomba, usishone glavu. Shona vifuko vya usukani: mifuko miwili inayofungwa kwenye baiskeli yenyewe, mmoja kila upande, ikifunika mpini, levaa na gia, na binti anaingiza mikono ndani akiwa amevaa glavu nyembamba. Kwa fundi mwenye mashine ni kazi ya siku moja, na itamsaidia kuliko glavu yoyote unayoweza kumshonea.

Sababu ni hii. Kinachotunza joto ndani ya glavu ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Mtu akishika mpini, upande wa kiganja ile hewa inabanwa yote inatoka, kitambaa kinabaki kama karatasi kati ya ngozi na chuma. Ukiongeza tabaka, glavu inabana vidole, damu inapita kwa shida, na mwendeshaji analazimika kukaza mkono zaidi ili asikie mpini. Ndiyo maana glavu mbili za mpwa wako zilimponza. Tena ile ya ndani ilikuwa ya pamba: ikinyonya jasho haikauki, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa.

Kisha kuna upepo. Januari pale Oulu wastani ni karibu nyuzi 10 chini ya sifuri, na siku mbaya hushuka kupita nyuzi 25 chini ya sifuri. Kwa jedwali la baridi ya upepo linalotumika Canada na Marekani tangu 2001, nyuzi 10 chini ya sifuri kwenye upepo wa kilomita 20 kwa saa, ambao ndio mwendo wa baiskeli, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kana kwamba ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Ikiwa ni 20 chini ya sifuri, inakuwa kama 30. Wengi hushauri mtu apunguze mwendo. Hesabu haiungi mkono: akienda kilomita 12 kwa saa badala ya 20, ile 18 inapungua kuwa 16 tu, lakini safari yake ya kilomita 6 inatoka dakika 18 inakuwa dakika 30. Aende mwendo wake wa kawaida. Upepo azuiwe na kifuko.

Hilo la kuambiwa atazoea, mwambie asilisikilize sana. Vidole vikikaa kwenye baridi kali, mishipa yake hujifunga ili damu ya moto ibaki kifuani na tumboni. Baada ya dakika kadhaa, kwa watu wengi, mishipa hufunguka kidogo, ikajifunga tena, ikafunguka, na hivyo vidole vinapata joto kwa awamu. Tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba kwa watu wenye asili ya Afrika huku kufunguka huwa hafifu zaidi, na askari weusi wamepata majeraha ya baridi kwa wingi kuliko wenzao waliovaa sare zilezile. Kwa hiyo rafiki yake Mfini mwenye glavu nyembamba si kipimo chake. Mpwa wako si mlegevu wala si mwoga; anahitaji kinga zaidi, basi.

Vitu vya kutafuta sokoni

Kitambaa cha nje kiwe kile cha makoti ya mvua au cha mabegi, nailoni yenye utando nyuma. Kipime kwa mdomo: kiweke midomoni upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita, kirudishe. Cha katikati ni sponji ngumu ya milimita 5 hadi 6, ile ya mikeka ya mazoezi, ambayo ukiikamua ndani ya maji hainywi. Usichukue sponji ya godoro. Inanyonya maji, na maji yakiganda inakuwa tofali. Sponji hii ngumu ina kazi ya pili ambayo ni kubwa kuliko ya joto: inaufanya mfuko usimame wazi, mkono uingie bila kupapasa. Kifuko kilicholegea kinaanguka juu ya levaa, na hapo ndipo ajali inapoanzia. Bitana iwe blanketi jepesi la polista, upande wenye manyoya uangalie mkono.

Kwa kitambaa cha upana wa mita moja na nusu, nusu mita inatosha vifuko viwili kwa kila tabaka. Ongeza velkro ya upana wa sentimita 2.5, urefu wa mita moja, lastiki bapa ya sentimita 2, na utepe unaong'aa kutoka kwenye kizibao cha bodaboda kilichochakaa. Utepe usiuache: mwezi wa Desemba kule jua linachomoza baada ya saa nne asubuhi na kuzama kama saa nane mchana, kwa hiyo karibu safari zake zote atakuwa gizani.

Uzi uwe wa polista. Wa pamba unanyonya maji kupitia matundu ya sindano mpaka ndani.

Vipimo

Usukani uliopinda nyuma umekurahisishia, kwa sababu mpini na mkono wa mwendeshaji vinakaa karibu mstari mmoja. Kifuko kinakuwa kama mkono wa koti: baiskeli inaingilia mbele, binti anaingilia nyuma. Ungekuwa usukani ulionyooka ingebidi ukate umbo la pembe, na hapo vipimo nitakavyotoa havifai.

Kabla ya kukata, mwambie akutumie kwa WhatsApp picha mbili za kila upande, moja kutoka juu na moja kutoka ubavuni, futi kamba ikiwa imelazwa juu ya mpini. Utake vipimo vinne: urefu kutoka ncha ya nyuma ya mpini hadi mwisho wa gia au kifungio cha levaa, umbali kutoka mpini hadi ukingo wa nje wa levaa, mzunguko wa ngumi yake ikiwa imeshika mpini pamoja na levaa, glavu nyembamba ikiwa mkononi, na mzunguko wa mkono wa koti lake la baridi pale kifundoni. Vikilingana takriban na sentimita 19 hadi 20, 7 hadi 9, chini ya 48, na 28, fuata namba zangu. Vikizidi, ongeza. Kifuko kikubwa mno kina ubaya kidogo, kinachobana hakifai kabisa.

Kila kifuko kinakatwa kipande kimoja kilichokunjwa kati, mkunjo ukiwa juu na mshono mmoja tu chini. Mshono ukikaa juu, theluji inatua pale, inayeyuka na kuvuja. Chora nusu ya umbo kwenye kitambaa kilichokunjwa: urefu sentimita 42. Mdomo wa mbele, upana 10. Panua mpaka ufike 30 ukiwa umesogea sentimita 12 kutoka mbele. Endelea na hiyo 30 mpaka sentimita ya 24, ndipo uanze kupunguza taratibu mpaka 20 kule nyuma. Umbo linafanana na samaki asiye na mkia. Acha sentimita 1.5 ya mshono upande wa chini, na 1.5 kila mwisho. Kwenye sentimita 16 za mbele, upande mmoja wa chini uongeze 3 zaidi, kwa ajili ya ulimi wa velkro.

Hizo sentimita 16 za mbele hazishonwi. Ndio mpasuo wa kuvalishia, kwa sababu levaa haiwezi kupita kwenye mdomo mwembamba, na ndipo waya wa breki na wa gia zitatokea. Usijaribu kuufupisha ili kuzuia upepo. Waya ikipindishwa kwa nguvu breki inakuwa nzito.

Bitana ikate ndogo kwa nusu sentimita kila upande, isijikunje ndani ikanasa vidole. Sponji ikate ndogo kwa sentimita 1.5 kuzunguka pande zote, na iishie sentimita 5 kabla ya mdomo wa mbele ili mdomo uweze kukusanywa.

Kushona

Anza na velkro na utepe unaong'aa kwenye kitambaa cha nje kikiwa bado bapa. Utepe ukae mbele na ubavu wa nje. Kisha funga mshono wa chini wa kitambaa cha nje, kuanzia mwisho wa mpasuo hadi nyuma, mara mbili, na pale mpasuo unapoishia piga rudia-rudia kama unavyofanya mwisho wa zipu ya suruali. Pale ndipo patakapochanika kama patachanika. Bitana ishone peke yake vivyo hivyo. Ingiza sponji katikati, uishikize kwa mkono kwenye akiba ya mshono tu, pointi nne au tano. Kisha unganisha nje na bitana kwenye mdomo na kingo za mpasuo, ukimalizia na pindo la nyuma.

Kishawishi cha fundi yeyote hapa ni kupiga mistari ya urembo juu ya tabaka zote tatu, kama kwenye kofia za kushonwa au mto wa kochi. Acha. Kila mstari unaibana sponji na kutoboa matundu mamia kwenye kitambaa kilichonunuliwa kwa sababu hakipitishi upepo. Kama mashine inalalamika kwenye sehemu nene, weka sindano namba 16 au 18, hatua ya milimita 3.5, na upunguze mkandamizo wa mguu.

Pindo la nyuma liwe na njia ya lastiki. Mzunguko ni sentimita 40. Lastiki ikate 34. Iguse koti, isilibane. Usitumie kamba ya kukaza wala kufunga: akiteleza kwenye barafu mikono lazima itoke yenyewe, bila kufungua kitu. Kipimo ni kwamba mkono ukivutwa haraka unatoka na kifuko kinabaki palepale.

Kwa mabaki ya sponji kata duara mbili za kipenyo cha sentimita 8, kila moja na tundu la sentimita 2 katikati na mkato mmoja kutoka ukingoni hadi kwenye tundu. Hizi ni vizibo. Zinavalishwa kwenye bomba la usukani ndani ya mdomo wa mbele, kisha ulimi wa velkro unakaza juu yake. Bila kizibo upepo wote wa safari unaingilia pale, na kifuko kinakuwa faneli.

Hapo mbele unaweza kuongeza kitanzi kidogo cha mkanda wenye velkro kinachofungwa kwenye bomba la usukani, kisizunguke kifuko na kulemea levaa.

Jaribu hukuhuku kwanza

Azima Phoenix ya jirani. Kama ni ile ya breki za fimbo, levaa yake ni ndefu na imelala chini ya usukani, kwa hiyo itakufaa kupima pembe na urefu tu. Ya breki za waya itakupa picha kamili. Funga vifuko. Lowesha mikono yako kwa maji, iingize ndani, mtu mwingine awashe feni ya mezani mbele ya usukani kwa kasi ya mwisho. Mkono wenye maji hausemi uongo hata kwenye joto la Mtwara: penye ubaridi ndipo pana tundu. Mara nyingi utalikuta mbele chini, pale mpasuo unapokutana na waya.

Kaza levaa mpaka mwisho, iachie. Irudi yenyewe kwa mlio. Ikirudi pole pole, kitambaa kinaigusa, na hiyo maana yake breki itakuwa inashika njia nzima. Zungusha usukani mpaka kila mwisho ukiwa umekaa kwenye siti: vifuko kwenye usukani wa aina hii hugusa magoti watu wakikata kona kali. Vikigusa, punguza upande wa ndani sentimita 2 pale penye tumbo. Na kengele pamoja na taa zisogezwe katikati ya usukani, vinginevyo zitamezwa na vifuko.

Kwa sababu breki yake ya nyuma iko miguuni na gia ni ya kuzungusha, hana haja ya kutoa mkono njiani kwa ajili ya breki ya nyuma wala gia; labda kwa kengele tu. Ametupa mtihani mwepesi.

Atakayofanya yeye

Ndani ya vifuko, mpaka karibu nyuzi 15 chini ya sifuri, glavu moja nyembamba ya sufu au polista itamtosha mara nyingi. Chini ya hapo abadili avae glavu ya kifuko, ile ambayo vidole vinne vinakaa pamoja na gumba peke yake. Vidole vikigusana vinapashana. Awe na jozi mbili za nyembamba, moja ya kwendea na moja kavu ya kurudia. Asiziache ndani ya vifuko baiskeli ikiwa nje, maana atazikuta zina baridi ya hukohuko. Akiegesha, avikunje vifuko nyuma na kuvibana kwa kibanio cha nguo, theluji isiingie.

Jambo ambalo watu hulipuuza: glavu haina moto wake, inatunza uliopo. Avae akiwa bado ndani, mikono ikiwa na joto. Akitoka na vidole vya baridi, vifuko vitatunza baridi hiyohiyo. Na joto la vidole linatoka kifuani. Akiwa na shingo wazi na fulana moja chini ya koti, mwili utanyima mikono damu hata ungeshona nini. Shingo, kichwa na masikio vifunikwe kwanza. Asizidishe lakini: akianza safari akijisikia ameshapata joto kamili, katikati ya njia atatoka jasho. Dakika mbili tatu za mwanzo ahisi ubaridi kidogo mwilini.

Kifundo cha mkono ndiyo njia kuu ya damu kwenda vidoleni, na mshipa pale uko juujuu. Hapa una kazi ya pili, Mjomba, na ni rahisi. Kwenye marobota ya mitumba tafuta sweta la sufu. Chomoa uzi mmoja uuchome: ukinuka nywele na jivu likasagika, ni sufu, ukiyeyuka na kuacha punje ngumu, ni akriliki. Kata sentimita 18 za mwisho za kila mkono wa sweta, zile zenye mpindo wa kuvutika, pinda ulipokata, toboa tundu la gumba sentimita 4 kutoka kwenye ukingo. Avae chini ya glavu, ziingie ndani ya koti.

Levaa yenyewe kwa kawaida ni alumini, na alumini inanyonya joto haraka kuliko chuma cha kawaida. Kata tyubu kuukuu ya baiskeli kuwa utepe wa sentimita 2, azungushe kwenye levaa kwa kupandana nusu kwa nusu, amalizie na gundi ya viraka. Bure kabisa, na tofauti ataisikia siku ya kwanza.

Kwa siku za nyuzi 20 chini ya sifuri na kuendelea, huko kuna vipakiti vya unga wa chuma vinavyopata moto vikikutana na hewa. Kimoja hudumu saa kadhaa. Akiweke upande wa nyuma wa kiganja au juu ya kifundo, juu ya glavu nyembamba na si kwenye ngozi tupu. Akifika, akifunge kwenye mfuko wa plastiki usioingiza hewa. Kinazimika, na jioni kinaendelea na kilichobaki.

Mafuta ya nazi atumie kupikia. Tafiti zilizofanywa Finland kwa askari waliopaka mafuta usoni hazikuona kinga dhidi ya kuganda kwa ngozi. Mtu anajisikia amekingwa wakati hajakingwa, na hapo ndipo hatari ilipo. Mafuta ya nazi yenyewe huganda chini ya nyuzi 24. Kama ngozi inapasuka, apake usiku akienda kulala.

Usishangae akikwambia siku mbaya zaidi hazikuwa za Januari. Oktoba, Novemba na Aprili, nyuzi 1 au 2 juu ya sifuri na mvua ya theluji, mikono huumia kuliko kwenye baridi kavu ya nyuzi 10 chini ya sifuri, kwa sababu kila kitu kinalowa. Ndiyo maana nimekazania kitambaa cha koti la mvua.

Bomba la maji ya moto liachwe leo

Ngozi iliyokufa ganzi haijui moto ni kiasi gani. Anaweza kujiunguza bila kusikia. Vidole vikiwa na ganzi tu na bado ni laini, aviweke kwapani, chini ya nguo, au apungie mikono kwa duara kubwa mara 20 au 30 ili damu isukumwe vidoleni. Yale maumivu ya machozi ni damu inarudi. Hayaui kidole, lakini ni onyo kwamba alichelewa.

Ganzi isiyoondoka ndani ya nusu saa akiwa ndani, kidole kigumu kama nta, kilichopauka au kuwa na rangi ya majivu, hiyo ni ngozi iliyoganda. Kwenye ngozi nyeusi aangalie kucha na upande wa kiganja, ndiko weupe unaonekana mapema. Asisugue, asitumie theluji wala hita. Maji ya nyuzi 37 hadi 39, yanayopimwa kwa kiwiko au kipima joto, nusu saa, na kama kuna uwezekano wa kidole kuganda tena njiani basi asikiyeyushe mpaka afike mahali pa kukaa. Avue pete kabla hakijavimba. Malengelenge yakitokea, au hisia isiporudi, hospitali siku hiyohiyo.

Muulize pia, kwa faragha, mambo mawili. Kama ana selimundu, hii tunayoiita siko seli, baridi inaweza kumwamshia maumivu makali ya mwili mzima; huyo asiendeshe kwenye baridi hiyo kabla ya kuzungumza na daktari wake. Na kama vidole vinapauka kwa mstari unaoonekana wazi hata akishika tu maziwa ya friji, inaweza kuwa ugonjwa wa Raynaud, ambao una tiba zake na hauishi kwa kifuko.

Kuacha baiskeli, hapana. Oulu ni mji unaojali waendesha baiskeli: njia zao husafishwa theluji, na mkutano wa kwanza wa kimataifa wa baiskeli za majira ya baridi ulifanyika palepale mwaka 2013. Ila awekeane mpaka na nafsi yake. Kipimajoto kikisoma 25 chini ya sifuri au kikisoma 20 chini ya sifuri na kuna upepo mkali kutoka baharini, apande basi. Siku hizo ni chache, na pesa ya nauli yake ndiyo ya kumtumia badala ya kumlaumu. Tairi zake nazo ziwe na meno ya chuma, kwa sababu mkono wa moto haumzuii mtu kuanguka kwenye barafu.

Kwenye kifurushi, vifuko usivikunje. Sponji ikikaa na mkunjo mwezi mzima haisimami tena vizuri. Viingize kimoja ndani ya kingine, ndani yake ujaze mikono ya sweta, vizibo, utepe wa tyubu, na velkro ya akiba ya sentimita 30 pamoja na sindano na uzi. Velkro ndiyo itakayochoka kwanza, ikijaa manyoya na barafu, na mpwa wa fundi bila shaka anajua kushona kipande kipya.